Kidole cha Pete cha Mama Yustina

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na hotuba ndefu kuliko utumishi wangu. Wakati tunakula, mmoja wenu akasema, "Mzee, tuandikie basi chochote, usiondoke na kila kitu kichwani." Nilidhani ni maneno ya sherehe tu. Sasa niko nyumbani Milanzi, na mke wangu amechoka kuniona nafungua redio ambazo hazijaharibika. Kasema niandike, au nihamie kwenye banda la kuku. Basi naandika.

Habari za vyeo sitaziandika, vilikuja kwa kuchelewa na vikaondoka na wenyewe. Mshahara hamkuniuliza na mimi sitawaambia. Mambo ya mtandao, flash na virusi mnayajua, mlikuwepo, na wengine wenu ndio mliovileta hivyo virusi. Nitaandika ya kabla yenu, wakati kitengo chenu hiki cha kompyuta za elimu wilayani kilikuwa mtu mmoja mwenye bisibisi na mswaki.

Mswaki ulikuwa wa kusafishia herufi. Niliajiriwa idara ya elimu kama fundi wa mashine za chapa. Ufundi nilianzia kwa mjomba wangu, aliyekuwa akitengeneza redio sokoni, kisha nikapata cheti Mbeya, nikarudi Sumbawanga nikiamini hakuna chombo chenye skrubu kitakachonisumbua. Niliripoti kazini mwezi wa saba. Nyie mnaujua upepo wa mwezi wa saba hapa kwetu, lakini mimi nilitaka kuonekana msomi, nikaja na shati jembamba jeupe na tai ya kuazima. Nikaelekezwa chumba cha chapa.

Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha yasiyofunga vizuri. Ndani walikuwepo wapiga chapa wawili. Mdogo aliitwa Leokadia, msichana mcheshi wa mtaa wa Mazwi pale mjini. Mkubwa, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa chumba, alikuwa Mama Yustina, mwanamke mwembamba mwenye kitenge begani na miwani iliyofungwa kamba. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba bila kuinua macho wala kuacha kuchapa. Alipofika mwisho wa ukurasa ndipo akanitazama.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama. Naitwa Anselmi."

"Kesho uje na sweta. Ukitetemeka hivyo utaniangushia springi zangu."

Kila kitu cha elimu katika wilaya kilipita mikononi mwa wanawake wale wawili. Mwalimu hakuhama mpaka barua yake ichapwe mle ndani, na mtoto hakufanya mtihani wa majaribio mpaka stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, ikatwe mle ndani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mashine hazigomi. Nilisugua herufi kwa mswaki na petroli kidogo, nikageuza utepe ukichakaa upande mmoja, nikatia mafuta. Mikono yangu ilinuka petroli hata kanisani Jumapili.

Katika wiki zile za mwanzo mashine ya Leokadia ikaanza kuruka mistari. Nikaifungua. Nikatoa roli, nikatoa meno, nikatandaza vyuma kwenye gazeti mpaka meza ikajaa. Sikuona kasoro. Mama Yustina akaacha kazi yake, akaja akasimama juu ya gazeti langu.

"Umemuuliza alikuwa anachapa nini?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Leokadia, jana ulikuwa unachapa nini?"

"Bahasha, mama. Zile nene za mitihani."

Bahasha nene zilikuwa zimeisukuma roli kutoka mahali pake. Ilitaka kurudishwa kidogo tu kwa kidole gumba, na mimi nilikuwa nimechinja ng'ombe mzima kutafuta kupe. Toka siku ile Mama Yustina alinikataza kushika bisibisi kabla sijazungumza na mwenye mashine. Nimefanya hivyo mpaka nastaafu. Nyie mlipokuwa mkikimbilia kuifuta programu yote na kuanza upya, nilikuwa nanyamaza tu kwa sababu ya umri.

Baadaye ikaja ile miaka ya soko huria. Maduka yaliyokuwa na sabuni na chumvi tu yakajaa redio za kaseti, mitumba ikamwagwa Mazwi, na wenye uwezo wakaweka televisheni sebuleni. Maneno mapya nayo yakaja, na mengi nilianza kuyaona kwenye stensili kabla hayajafika mtaani: ubinafsishaji, uchangiaji, kupunguza wafanyakazi. Wakati huohuo mradi mmoja wa wafadhili ukatuletea kompyuta mbili na printa. Zilitoka Mbeya kwa lori, zimefungwa ndani ya magodoro, kwa barabara ya vumbi ya siku zile. Mimi nikapelekwa Dar es Salaam kwenye kozi fupi, nikarudi nikiitwa bwana kompyuta.

Chumba cha chapa kikageuka mahali patakatifu. Watu walivua viatu mlangoni. Hakuna aliyewaamuru, walianza wenyewe, na hata Afisa Elimu wetu, mkuu wa idara, mtu mzito wa mwili na mwenye heshima zake, alikuwa akivua viatu na kuingia na soksi iliyotoboka dole gumba. Leokadia akafuma kitambaa cheupe chenye tausi, kama vile vya kufunikia televisheni, akaifunika kompyuta iliyokuwa meza ya dirishani. Kila mchana kompyuta ile ikawa inazima yenyewe. Nilisingizia umeme, kwa kuwa umeme wetu wa jenereta ulikuwa hauna hoja ya kujitetea. Halafu nikakumbuka niliyofundishwa, nikamuuliza Leokadia huwa anafanya nini kabla haijazima. Akasema hafanyi kitu, anafanya kazi tu, ila kile kitambaa upande wa nyuma hakiondoi, kwa ajili ya vumbi.

Nikamweleza kwamba kompyuta inahema kwa mgongo.

"Basi nitafuma kingine chenye matundu makubwa," akasema.

Tuliafikiana kitambaa kihamie juu ya kabati la stensili. Hakunisemesha mpaka wiki ikaisha, lakini kompyuta haikuzima tena.

Agizo la kupunguza watu likatufikia na sisi. Afisa Elimu alituita sote, akasoma kwa sauti ya chini akitazama meza. Idara itabaki na mpiga chapa mmoja, na huyo mmoja lazima aweze kuendesha kompyuta. Asipopatikana miongoni mwetu, mkoani wana mtu wao mwenye cheti cha kompyuta, ataletwa. Leokadia hakutikisika, alikwishapanga kwenda kuuza mitumba na marobota yalikuwa njiani. Aliyebaki kwenye mizani alikuwa Mama Yustina peke yake.

Sote tulijua kilichokuwa nyumbani kwake. Mume wake, dereva wa malori wa miaka mingi, alikuwa amepooza upande mmoja na hakutoka kitandani bila kushikwa. Binti yao Agripina alikuwa chuo cha uuguzi, nusu ya njia, na uchangiaji wa ada ulikwishaingia hata huko. Jioni ya siku ile Mama Yustina alinikuta nafunga mlango.

"Nikiondoka sasa, Agripina anarudi nyumbani," akasema. "Nifundishe hiyo kompyuta yako, mwanangu. Usinionee haya. Nikikosea, niambie nimekosea."

Nikaanza kumfundisha kila mchana, wenzetu wakienda kula. Mikono yake ilikuwa ya chuma. Aliigonga kibodi mpaka kalamu zikaruka mezani, na akishikilia kitufe muda kidogo herufi inajaa mstari mzima. Kila akifika mwisho wa mstari mkono wa kushoto unapanda hewani kutafuta ule mkono wa mashine ya chapa wa kurudishia roli, haupo. Siku moja mkono huo ulikikuta kikombe changu cha chai badala yake, na kikaruka hadi mlangoni kwenye viatu vya watu. Alikuwa akiigombeza kompyuta kwa Kifipa, taratibu, kama mtu anayemkanya mtoto wa jirani. Lakini hakukosa hata mchana mmoja. Alilegeza mikono, akajifunza kuhifadhi kazi kwenye disketi, akajifunza majedwali, na haukupita muda mrefu akawa ananiacha mbali kwa kasi. Nilifurahi kuliko nilipopata cheti changu mwenyewe.

Kazi aliyopewa ili apimwe ilikuwa takwimu za wanafunzi wa wilaya nzima, shule moja baada ya nyingine, kata baada ya kata. Haikuwa kazi ya kujaribia tu. Vitabu na walimu wangegawiwa kwa takwimu zile. Mwalimu mkuu wa shule moja ya kata ya Ilemba alipanda kutoka Bondeni, kule tambarare chini ya milima yetu, na karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni, amejaa vumbi hadi kwenye kope. Kwake zilikuwa zimehamia familia nyingi za wafugaji kutoka kaskazini-magharibi, na watoto wao walikuwa wakikaa chini, darasa moja limebeba watoto wa madarasa mawili. Alimwekea Mama Yustina karatasi mezani kwa mikono yote miwili. "Mama, hawa watoto wangu wote waonekane," akamwambia.

"Wataonekana, mwalimu," akajibu.

Alichapa majedwali yale kwa uzuri ambao sijauona tena. Safu zilinyooka kama matuta ya mahindi yaliyopimwa kwa kamba. Printa ikalia, karatasi zikatoka, akazipeleka mwenyewe kwa Afisa Elimu. Haikuchukua muda tukaitwa wote wawili.

Afisa Elimu alikuwa na jedwali mbele yake na kalamu mkononi. "Mama Yustina," akasema, "hebu nisaidie. Shule ile ya Ilemba peke yake ina watoto wengi hivi. Ukija huku chini, jumla ya kata nzima ni ndogo kuliko hiyo shule moja. Watoto wa Bondeni wamekwenda wapi?"

Mama Yustina akatazama karatasi. Idadi ya shule ilikuwa sawa na ya mwalimu. Idadi ya shule ya pili nayo ilikuwa sawa. Jumla, iliyokuwa ikipigwa na kompyuta yenyewe, ilikuwa upuuzi. Tukageuza kurasa. Kata chache zilikuwa sawa, nyingi hazikuwa.

"Nitarudia, mzee," akasema.

Alirudia yote, mwanzo hadi mwisho, na jumla ikatoka ileile. Nikafungua kompyuta, nikaisafisha, nikahamisha kazi kwenye kompyuta ya pili. Ikatoka ileile. Nikajaribu tarakimu zangu mwenyewe pembeni, kompyuta ikajumlisha bila kosa. Hapo ndipo minong'ono ilipoanza kwenye korido. Walisema mama kazeeka, macho hayaoni, mambo ya kisasa yana wenyewe. Hawakusema kwa ubaya, walisema kwa huruma, na nadhani hiyo ilimuuma zaidi. Takwimu zilikuwa zinasubiriwa mkoani Jumatatu. Afisa Elimu alinifuata akaniambia kwa upole kwamba kama mambo ni haya, itabidi amwombe yule mwenye cheti.

Ijumaa nilimkuta Mama Yustina amekaa mbele ya kioo cha kompyuta, mikono imezunguka kikombe cha chai kuipasha moto.

"Anselmi," akasema, "niambie kweli. Ni mimi au ni mashine?"

"Sijui, mama," nikamjibu, na moyo uliniuma kusema hivyo, kwa sababu mashine nilikwishaikagua yote.

Ndipo nikatambua kwamba nilikuwa nimeshika bisibisi wiki nzima bila kumuuliza lolote. Nikavuta kiti, nikamwomba achape upya ile shule ya Ilemba, taratibu, mimi nikiwa pembeni. Safari hii sikutazama kioo. Nilitazama vidole.

Karatasi ilisema mia tatu kumi na mbili wavulana. Kwa tatu, kidole kilipanda juu kwenye safu ya tarakimu. Kwa moja, hakikupanda. Kidole cha pete cha mkono wa kulia, palepale kilipokuwa kimelala, kikabonyeza herufi ya L ndogo. Kwa mbili, kidole kikapanda tena. Shule iliyofuata ilikuwa na sifuri, na kidole kilekile kikasogea kidogo tu, kikabonyeza herufi ya O.

"Mama, hapo umebonyeza nini?"

"Moja."

"Moja iko wapi?"

Akanitazama kana kwamba ni mimi niliyeanza kuzeeka. "Si hii hapa?"

Nyie mliokulia kwenye kibodi hamtalielewa hili, kwa hiyo naeleza. Mashine zetu za chapa hazikuwa na kitufe cha moja. Waliozitengeneza waliona L ndogo inatosha, na sifuri wengi waliipata kwa O. Kila aliyesomea uhazili enzi zile alifundishwa hivyo, na aliyekosea alichapwa vidole kwa rula. Sisi wengine wote, kuanzia mhudumu hadi Afisa Elimu, tulikuwa tumesoma L ya Mama Yustina kama moja miaka yetu yote. Ndiyo maana hakuna jicho lililoona kosa. Kompyuta ndiyo iliyokuwa haijasomea kwetu. Ilikuwa ikikuta herufi katikati ya tarakimu, inasema hili ni neno, inaliruka, na mtoto wa Bondeni anarukwa nalo. Neno kwenye jedwali huegemea kushoto, hesabu huegemea kulia, na hilo peke yake lingetuonyesha. Lakini Mama Yustina hakuvumilia safu iliyopinda. Kila ilipoegemea kushoto aliisukuma kwa kitufe cha nafasi mpaka ikanyooka.

Nikamweleza hayo yote. Akakitazama kile kidole.

"Sasa hiyo moja yenyewe wameiweka wapi?"

Nikamwonyesha, juu kabisa, pembeni kushoto.

"Mbali hivyo?"

Kisha akavua miwani akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na nikageuka kutazama dirishani ili asione kwamba na mimi nilikuwa nafanya vilevile. Alipomaliza akatoa plasta kwenye mkoba, akaizungusha kwenye kile kidole cha pete ili kila kikishuka kikumbuke. Tulifanya kazi Jumamosi, na Jumapili baada ya misa tukarudi. Mimi nilisoma tarakimu, yeye alichapa. Mara chache kidole kilirudi kwenye L, akakifinya kwa mkono mwingine na kuendelea. Jumla ya kata ya Ilemba ilipotokea kwenye kioo, kubwa kama ilivyotakiwa, alikigusa kioo kwa ukucha. "Hao wametokea," akasema.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kumweleza Afisa Elimu. Hakubisha. Aliinuka akatembea hadi chumba cha chapa, akavua viatu, akainama juu ya mashine kuukuu ya Leokadia na kutafuta moja kwa kidole, kitufe baada ya kitufe. Alipoikosa akacheka mpaka akakaa. Alisema amesaini barua zenye L miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kumrudishia hata moja.

Jambo halikuishia hapo, kwa sababu mkoani walikwishaanza kumwandaa mtu wao, na walitaka maelezo kwa maandishi kwa nini asije. Nitawaambia mapema ili msisome kwa wasiwasi: maelezo yalikubaliwa. Mama Yustina aliendelea na kazi hadi kustaafu kwake, na Agripina alimaliza uuguzi. Ninachotaka kuwaandikia ni jinsi ile barua ilivyochapwa.

Afisa Elimu angeweza kuiandika kwa mkono na kutuma mtu ailete ichapwe, ndivyo ilivyokuwa desturi. Badala yake alikuja mwenyewe, akakaa upande wa pili wa meza, akiwa anaona mgongo wa kompyuta na uso wa Mama Yustina tu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama nikifunga waya wa printa.

"Tuandike barua," akasema. "Iende mkoani. Kuhusu mpiga chapa wa idara."

Mama Yustina akaweka vidole tayari. Plasta ilikuwa bado ipo. Uso wake haukuonyesha chochote, ungedhani anachapa barua ya uhamisho wa mtu asiyemjua. Afisa Elimu alianza na salamu za kiofisi, akaja kwenye takwimu, akasema zimekamilika na ni sahihi, akaeleza zilivyotengenezwa na nani alizitengeneza. Vidole vilimfuata neno kwa neno. Kisha akakohoa kidogo.

"Kwa hiyo idara inaomba Bibi Yustina abaki katika nafasi yake," akasema, "kwa kuwa bado tunamhitaji. Nukta."

Vidole vikasimama. Mama Yustina alikuwa hodari wa kuchukua imla, na tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akiomba kurudiwa neno, hata na wakaguzi waliokuwa wakisema huku wanatafuna. Sasa macho yake yalibaki kwenye kioo.

"Samahani, mzee," akasema. "Hapo mwisho sikusikia. Naomba urudie."

Kutoka nilipokuwa nimesimama niliona kioo chote. Sentensi ilikuwa imekwishaandikwa, yote, mpaka nukta. Afisa Elimu, ambaye hakuweza kuiona, akasogeza kiti mbele na kurudia kwa sauti ya kupanda, polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake aliye ng'ambo ya barabara, kwamba bado tunamhitaji.